Feni Kuzunguka Si Kipimo: Mwongozo Kamili wa Kuikagua Pawasaplai ya Wati 550

"Fundi kachomeka klipu, feni ikazunguka, akaniambia nzima. Nimefika nyumbani, nikifungua gemu tu mashine inazima pwaa, kama LUKU imeisha."

Maneno haya nimeyasikia mara nyingi mno, siku hizi mteja akianza kuhadithia namalizia mwenyewe. Fundi wake hakudanganya. Jaribio la klipu, yaani kuiwasha pawasaplai (kile kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme) kwa kipande cha waya ikiwa nje ya mashine, linajibu swali moja dogo tu: je, inawaka? Feni yake inakula wati mbili tatu. Kadi ya grafiki inakula 170. Ukimjaribu punda kwa kumbebesha kikapu kitupu, usishangae akilala chini siku ya kupakia magunia.

Mwongozo huu ni wa pawasaplai za daraja la kati, wati 450 hadi 650, za kompyuta za kawaida za gemu, kuhariri video au kuchora ramani za nyumba. Nitatumia mfano wa wati 550 mwanzo hadi mwisho. Hatua za kwanza unaweza kuzifanya ukiwa bado umesimama kaunta, kabla hujatoa hela. Zilizobaki ni za nyumbani, zitachukua saa moja na nusu hivi.

## Vifaa unavyohitaji

- Multimita ya dijitali yenye kipimo cha volti 20 za DC (umeme mnyoofu, ule unaotumika ndani ya kompyuta). Ya bei ndogo inatosha, ila iwekee betri mpya. Mita nyingi za bei ndogo betri ikichoka huonyesha volti kubwa kuliko zilizopo, nawe utaisifia pawasaplai mbovu.
- Klipu ya karatasi, au kipande cha waya mgumu kilichomenywa ncha zote mbili.
- Mzani wa jikoni na tochi ndogo.
- Diski kuu ya zamani au kidraivu cha DVD kisicho na kazi, cha kuweka mzigo mdogo.
- Programu za kuipa mashine kazi ngumu: OCCT peke yake, au Prime95 kwa prosesa na FurMark kwa kadi ya grafiki. Ongeza HWiNFO ya kusomea joto. Zote zinapatikana bure kwa matumizi ya nyumbani.
- Simu ya kupigia picha na kuhesabia sekunde.
- UPS yako, kile kisanduku cha betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika, kama unayo.

## Onyo kabla ya kushika chochote

Usifungue kasha la pawasaplai. Umeme wetu wa volti 230 ukigeuzwa kuwa DC ndani ya kasha unafika volti 325 hivi, na kwenye zile zenye saketi ya kurekebisha mkondo unapanda hadi karibu 380. Kapasita kubwa inaushikilia hata baada ya kuchomoa plagi. Mtu amechomoa, ameridhika, ameingiza bisibisi, na umeme bado umekaa humo unamsubiri. Kila kitu kwenye mwongozo huu kinafanyika kasha likiwa limefungwa.

Jambo la pili: angalia nyuma kama kuna swichi ndogo nyekundu yenye 115 na 230. Ikiwapo, hakikisha iko 230 kabla hujachomeka. Ikiwa 115 ukaichomeka kwenye soketi ya kwetu, utasikia mlipuko na kuona moshi, na hapo ukaguzi umeishia. Swichi hiyo yenyewe ni habari: ni dalili ya muundo wa zamani. Pawasaplai ya daraja la kati ya leo haipaswi kuwa nayo.

## Hatua ya 1: Jua mashine yako inakula kiasi gani

Usianze na pawasaplai, anza na mzigo. Chukua kompyuta yenye prosesa ya Ryzen 5 5600 na kadi ya RTX 3060. Prosesa hiyo imeandikwa wati 65 lakini ikibanwa inafika 76. Kadi ni 170. Mazabodi, memori, SSD na feni zigawie 50 hadi 60. Jumla ni kama wati 300.

Kwa nini basi Nvidia wenyewe wanapendekeza wati 550 kwa kadi hiyo? Kwa sababu kadi ya grafiki haili kwa utulivu. Inaruka. Kwa sehemu ndogo sana ya sekunde inaweza kuvuta zaidi ya kiwango chake kilichoandikwa, kisha ikashuka. Ndiyo maana kanuni za ATX 3.0 za kutengenezea pawasaplai, zilizotolewa na Intel mwaka 2022, zinazitaka pawasaplai zenye kiunganishi kipya cha kadi zivumilie kilele cha hadi mara 2 ya uwezo wake kwa mikrosekunde 100.

Umefaulu ikiwa: una namba moja kwenye karatasi, na namba hiyo ni kati ya nusu na asilimia 70 ya wati za pawasaplai unayoikagua. Wati 300 kwenye pawasaplai ya 550 ni asilimia 55. Hapo ni pazuri.

## Hatua ya 2: Soma lebo, usisome boksi

Hapa ndipo watu wengi wanapoibiwa, kwa hiyo tukae kidogo.

Namba kubwa iliyochapwa kwenye boksi ni tangazo. Ukweli uko kwenye jedwali dogo lililobandikwa ubavuni mwa kasha, lenye safu za +3.3V, +5V, +12V, -12V na +5VSB, na ampea chini ya kila moja. Tafuta +12V. Prosesa na kadi ya grafiki, yaani walaji wakubwa wote wawili, wanakula kutoka laini hiyo.

Zidisha ampea za +12V kwa 12. Lebo ya wati 550 ya kweli kwa kawaida itakuonyesha ampea 45 hivi: 45 mara 12 ni wati 540. Karibu uwezo wote unapatikana pale unapohitajika.

Sasa chukua lebo ya pili, ya aina ninayoletewa kila siku. Boksi linasema wati 700 kwa herufi za dhahabu. Jedwali linasema +12V ampea 20. Hiyo ni wati 240. Hizo 460 nyingine zimepatikana kwa kujumlisha laini ambazo kompyuta ya sasa haizihitaji sana, au hazipo kabisa.

Kanuni ninayoitumia: wati za +12V zikiwa chini ya asilimia 90 ya wati zilizotajwa kwenye boksi, naanza kuuliza maswali. Zikiwa chini ya 70, narudisha kwenye rafu.

Mitego mitatu ya lebo:

Laini mbili za +12V. Ukikuta +12V1 na +12V2 zenye ampea 20 kila moja, usijumlishe upate 40. Tafuta mstari wa chini wenye jumla ya wati za laini zote za 12. Huo ndio wa kuamini.

Neno "Peak" au "Max". Hicho ni kiwango cha kupita tu, kama pikipiki inayoteremka mlima. Unachotaka ni uwezo wa kudumu.

Alama ya 80 Plus. Bronze, kwa kipimo cha volti 115, inamaanisha angalau asilimia 82, 85 na 82 ya umeme uliovutwa ukutani inafika kwenye kompyuta, mzigo ukiwa asilimia 20, 50 na 100. Gold ni 87, 90 na 87. Kwa volti 230 za kwetu matokeo huwa bora kidogo. Lakini alama hii inapima upotevu tu. Haisemi kitu kuhusu volti kutulia wala kuhusu ulinzi. Tena vipimo vyake hufanyika kwenye nyuzijoto 23. Chumba changu Dar mwezi wa Januari, saa nane mchana, hakijawahi kuijua 23. Pawasaplai inayotaja kwenye nyaraka zake kwamba inatoa uwezo wote kwenye nyuzijoto 40 au 50 inakuambia jambo la maana zaidi kwa sisi wa pwani.

Alama hiyo pia hughushiwa. Ukiona "85 Plus" au rangi isiyoeleweka, tafuta modeli kwenye orodha rasmi ya 80 Plus mtandaoni hapo hapo dukani. Modeli halali inaonekana pamoja na ripoti yake.

Umefaulu ikiwa: wati za +12V peke yake zinazidi namba uliyoandika kwenye hatua ya 1, na bado kuna nafasi ya theluthi moja au zaidi.

## Hatua ya 3: Uzito, nyaya na tochi

Iweke kwenye mzani. Pawasaplai halisi ya wati 550 mara nyingi ina kilo moja na nusu au zaidi, kwa sababu ya koili, transfoma na vipande vya alumini vya kupooza joto. Ikiwa chini ya kilo moja, kuna vitu havijawekwa.

Lakini mzani nao hudanganywa. Kijana mmoja aliniletea "wati 700" yenye uzito wa kuridhisha kabisa, kilo 1.6. Ilipokufa moja kwa moja, nikaiacha wiki mbili pembeni ndipo nikaifungua: ndani kulikuwa na bamba la chuma limefungwa kwa skrubu mbili, halijaunganishwa na chochote. Chuma tu. Kwa hiyo uzito mdogo ni ushahidi wa ubaya, uzito mkubwa si ushahidi wa uzuri.

Angalia nyaya. Kwenye ganda la waya huwa kumechapwa namba ya unene, kwa mfano 18AWG. Namba ikiongezeka waya unakuwa mwembamba. Kwa nyaya kuu 18 ni sawa, na 16 kwa kadi ya grafiki ni bora. Ukikuta 20 au 22 kwenye waya wa kadi ya grafiki, hiyo ni njia ya kuchoma plastiki.

Hesabu viunganishi. Prosesa inataka kiunganishi cha pini 8, ambacho mara nyingi hugawanyika 4 na 4. Kadi ya RTX 3060 nyingi zinataka pini 8, inayokuja kama 6 na 2. Pini 6 zimekusudiwa wati 75, pini 8 wati 150, na slotu ya mazabodi yenyewe inatoa 75. Usichanganye kiunganishi cha prosesa na cha kadi. Vyote vina pini 8 lakini volti na ardhi (nyaya nyeusi) zimepangwa kinyume.

Mulika tochi kupitia matundu ya nyuma. Kapasita kubwa moja iliyoandikwa 400V au 420V na nyuzijoto 105 ni dalili njema. Mbili fupi za 200V ni muundo wa zamani. 85 badala ya 105 inamaanisha mtengenezaji amebana matumizi pale ambapo joto letu halisamehi.

Neno kwa wenye kompyuta za ofisini zilizotumika, Dell au HP kutoka Ulaya: nyingi hazitumii kiunganishi cha kawaida cha pini 24. Piga picha ya kiunganishi kilichopo kwenye mazabodi kabla hujaenda kununua, utaokoa nauli.

## Hatua ya 4: Kabla ya kuilaumu, kagua ethi

"Keisi inanitekenya nikiigusa, pawasaplai inapitisha umeme." Mara nyingi pawasaplai haina kosa.

Mlangoni mwake kuna kichujio chenye kapasita mbili ndogo, moja kutoka waya wa moto na nyingine kutoka nyutro, zikikutana kwenye chuma cha keisi. Soketi ikiwa na ethi, umeme huo mdogo unakwenda ardhini na hujui kama upo. Ethi ikikosekana, keisi inaelea kwenye karibu nusu ya volti za ukutani, kama 115, na mkono wako unakuwa ndiyo ardhi. Mkondo ni mdogo, unatekenya bila kuua, lakini ni ujumbe kwamba siku pawasaplai ikiharibika kweli hakuna kitakachokulinda.

Tumia plagi ya kupimia soketi yenye taa tatu, au mwite fundi umeme. Angalia pia ekstensheni: nyingi zina tundu la pini ya tatu lakini ndani waya ni mbili tu. Na kama kuna mtu aliyevunja pini ndefu ya plagi ili iingie kwenye soketi ya zamani, anza hapo.

Umefaulu ikiwa: taa zinaonyesha ethi ipo, na kugusa keisi kwa mgongo wa kidole hakukupi hisia yoyote.

## Hatua ya 5: Jaribio la klipu

Tulifanye kwa adabu, tukijua mipaka yake.

Pawasaplai iwe nje ya keisi, haijaunganishwa na mazabodi, swichi ya nyuma imezimwa. Chomeka ile diski ya zamani kwenye mojawapo ya nyaya, maana baadhi ya pawasaplai hugoma au hutoa volti za ovyo zikikosa mzigo kabisa.

Kwenye kiunganishi cha pini 24, unganisha waya wa kijani na wowote mweusi wa jirani kwa klipu. Kijani kipo kimoja tu. Je, nyaya zote zikiwa nyeusi, kama ilivyo mtindo siku hizi? Tazama tundu moja lisilo na pini ndani. Katika safu hiyo hiyo, upande mmoja wa tundu hilo kuna matundu manne na mwingine saba. Hesabu kuelekea upande wa saba: moja, mbili, tatu, nne. La nne ndilo la kuwashia, na majirani zake wa kushoto na kulia wote ni ardhi. Ukihesabu namna hii huhitaji kukumbuka kama kishikizo kilikuwa juu au chini.

Chomeka ukutani, washa swichi. Feni ikizunguka, sawa. Isipozunguka, usihukumu bado. Pawasaplai kadhaa za Gold zina feni inayolala mpaka joto lipande. Sikiliza kama diski imeanza kuzunguka.

Umejifunza nini: kwamba inawaka. Basi.

## Hatua ya 6: Pima volti bila mzigo

Klipu ikiwa bado imo, weka mita kwenye DC 20. Ncha nyeusi kwenye waya mweusi wowote, nyekundu kwenye rangi unayopima:

- Njano, volti 12: kati ya 11.40 na 12.60
- Nyekundu, volti 5: kati ya 4.75 na 5.25
- Machungwa, volti 3.3: kati ya 3.14 na 3.46
- Bluu, volti hasi 12: kati ya -10.8 na -13.2
- Zambarau, volti 5 za kusubiri: kati ya 4.75 na 5.25
- Kijivu: karibu volti 5

Zambarau ipo hata kabla hujaweka klipu. Ikikosekana, kompyuta haitawaka kamwe, hata kitufe kikiwa kizima. Kijivu ni pawasaplai ikiiambia mazabodi "niko tayari". Inapaswa kuja kati ya milisekunde 100 na 500 baada ya volti kutulia. Mita yako haiwezi kupima muda huo, inatosha kuona kwamba ipo.

Kuna kipimo kimoja muhimu ambacho mita haiwezi kabisa: mtikisiko mdogo wa haraka juu ya volti, ambao kanuni za ATX zinaruhusu usizidi milivolti 120 kwenye laini ya 12 na 50 kwenye 5 na 3.3. Huo unahitaji osiloskopu, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye skrini. Mtu akikuambia ameupima kwa mita ya mkononi, mshukuru na uendelee.

Umefaulu ikiwa: zote zimo ndani. Andika namba zote, hasa ya njano. Utazihitaji sasa hivi.

## Hatua ya 7: Mzigo wa kweli

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo yenye jibu.

Zima, toa klipu, funga pawasaplai kwenye kompyuta. Acha kiunganishi kimoja cha Molex, kile kipana cha pini nne, kikining'inia nje bila kuunganishwa na kitu. Utapimia hapo: njano na nyeusi kwa 12, nyekundu na nyeusi kwa 5. Kiunganishi kisicho na mzigo kinakuonyesha volti za pawasaplai yenyewe bila upotevu wa waya. Angalia ncha za mita zisigusane, shoti ya hapo inazima mashine yote.

Usitegemee volti zinazosomwa na programu. Vihisi vya mazabodi vingi vinakosea, nimeona HWiNFO ikisoma 11.3 mita ikisema 12.05. Programu itumie kwa joto tu.

Fuata mpangilio huu, ukiandika volti kila mara:

1. Dakika 5 mashine ikiwa imetulia kwenye skrini kuu.
2. Dakika 10 za Prime95 peke yake. Prosesa inavuta.
3. Dakika 10 za FurMark peke yake. Kadi inavuta.
4. Dakika 30 vyote kwa pamoja, keisi ikiwa imefungwa kama itakavyotumika. Joto ni sehemu ya mtihani.

Pawasaplai nzuri ya daraja la kati itakwenda, kwa mfano, kutoka 12.10 hadi 11.95 na kukaa hapo. Kushuka chini ya 11.60 kunanipa wasiwasi. Chini ya 11.40 imefeli, hata kama kompyuta haijazima.

Tazama 12 na 5 kwa pamoja. Miundo ya bei ndogo hutumia mdhibiti mmoja kwa laini zote mbili: ukiibebesha 12 mzigo inashuka, mdhibiti anajitahidi kuinyanyua, na 5 inapanda bila kuombwa. Ile "wati 700" ya kijana wetu ilisoma 12.31 ikiwa imetulia, 11.74 chini ya Prime95, na FurMark ilipoongezwa nikaona 11.3 na ile 5 imepanda hadi 5.2. Nilikuwa bado nashika kalamu ilipozima. Miundo yenye vigeuzi tofauti vya DC haina kisa hiki.

Kujua inavuta wati ngapi bila kununua kifaa: tumia mita yako ya LUKU. Kwenye uso wake kuna taa nyekundu inayopepesa, na pembeni kumeandikwa idadi ya mipepeso kwa kilowati-saa moja, kwa mfano 1000 imp/kWh. Zima kila kitu nyumbani isipokuwa kompyuta, friji pia. Mwache mtu kwenye kompyuta, wewe hesabu sekunde za mipepeso 10. Kwa mita ya 1000, gawanya 36,000 kwa sekunde hizo. Mipepeso 10 kwa sekunde 120 ni wati 300 kutoka ukutani, skrini ikiwemo. Kwa pawasaplai yenye ufanisi wa asilimia 85, kompyuta yenyewe imepata si zaidi ya 255. Jirani zangu wa Kenya wenye mita za tokeni wanaweza kufanya vile vile, mradi wasome namba iliyo kwenye mita yao. Kwa kijana yule tulipata wati 260 ukutani pale ilipozima. Haikufika hata zile 240 za lebo yake.

Ikifeli, ilifeli vipi? Ikizima na kukataa kuwaka mpaka uchomoe ukutani na kusubiri, ulinzi wa pawasaplai ndio uliofanya kazi. Ikijiwasha upya papo hapo mzigo unapoanza, inawezekana kilele cha kadi kimeishinda. Ikiganda, picha imesimama na sauti inakwaruza huku feni zinaendelea, tafuta kwenye memori, joto au draiva kwanza. Ujumbe wa Kernel-Power 41 kwenye Windows haumtaji mkosaji. Unasema tu mashine ilikufa bila kuaga.

Mlio mwembamba wa koili kadi inapofanya kazi unaudhi lakini si kufeli. Harufu ya plastiki ni kufeli. Zima mara moja.

Umefaulu ikiwa: dakika 30 zimepita, volti 12 haijashuka zaidi ya 0.3 kutoka ilipoanza, hewa ya nyuma ni ya moto wa kuvumilika, na hakuna harufu.

## Hatua ya 8: Umeme ukikatika

Kwetu hii si hatua ya ziada. UPS nyingi za bei ya kawaida hazitoi wimbi laini kama la TANESCO, zinatoa ngazi ngazi. Pawasaplai zenye saketi ya kurekebisha mkondo, yaani karibu zote za daraja la kati, huweza kulikataa wimbi hilo, hasa zikiwa na mzigo mkubwa wakati wa kuhama.

Hifadhi kazi zako. Washa FurMark, kisha zima swichi ya soketi iliyobeba UPS. Usichomoe plagi: ukichomoa unaondoa na ethi, ukizima swichi ethi inabaki. Rudia mara tatu, ukiipa nafasi ya kuchaji. Angalia pia namba ya wati kwenye UPS, maana VA si wati. UPS ya VA 650 mara nyingi haifiki wati 400.

Umefaulu ikiwa: mara zote tatu skrini haikutetereka. Ikizima hata mara moja, jaribu mzigo mdogo. Ikivuka kwa mzigo mdogo tu, pawasaplai ni nzima na wa kubadilishwa ni UPS, kwa ile yenye wimbi kamili.

## Hatua ya 9: Amua, na uandike

Iliyofeli hatua ya 2 usiinunue. Iliyofeli ya 6 au ya 7 irudishe ikiwa bado ndani ya siku za dhamana, ukiwa na picha za mita zikionyesha volti. Picha hubishaniwa kidogo kuliko maneno. Usikubali itengenezwe: kapasita ikibadilishwa huku uchochoroni hujui imewekwa ya nyuzijoto ngapi.

Ukibadilisha ile yenye nyaya za kuchomoka, toa nyaya za zamani zote hata kama mpya zinafanana nazo. Upande wa pawasaplai hakuna kanuni ya mpangilio wa pini, kila mtengenezaji ana wake. SSD nimeziona zikifa kwa sekunde moja kwa sababu mtu alikuwa mvivu wa kupitisha waya upya.

Iliyofaulu, chukua stika, andika tarehe, volti 12 ikiwa imetulia, volti 12 chini ya mzigo wote, na sekunde za mipepeso 10. Ibandike ndani ya mlango wa keisi. Mwakani ukija kupuliza vumbi, rudia hatua ya 7 na ulinganishe.